Siafu na mruko adimu: kusaka tripleti ya thaimini

Trajektori 500 (miendo ya molekuli iliyoigizwa kwa kompyuta) za thaimini, mojawapo ya besi nne za DNA, zimekimbia pikosekunde 1, yaani sehemu ya trilioni ya sekunde, kila moja baada ya kufyonza mwanga wa urujuanimno, na hakuna hata moja iliyoingia tripleti, hali ambamo spini za elektroni mbili zinaelekea upande mmoja. Usiandike kwamba njia hiyo haipo. Sifuri katika 500 inasema tu kwamba, kwa uhakika wa asilimia 95, uwezekano hauzidi takriban 3/500, yaani 0.006. Tripleti ya thaimini kwenye maji imeshapimwa maabara: ni chini ya asilimia 2 ya molekuli, lakini ipo.

Wengi hukimbilia kuongeza trajektori. Piga hesabu kwanza. Hatua ya femtosekunde 0.5 inakupa hatua 2,000 kwa pikosekunde. Kila hatua ikichukua dakika 1 ya hesabu za elektroni, trajektori moja inakula saa 33. Tuseme uwezekano wa kuruka kwenda tripleti kila hatua ni 0.000002, na nyuso mbili za nishati, yaani nishati ya molekuli kabla na baada ya mruko, zinakaribiana kwa hatua 200 tu: jumla ni 0.0004. Ukitaka kosa la asilimia 10 unahitaji matukio 100, yaani trajektori 250,000. Kwa kiini kimoja cha kompyuta hiyo ni zaidi ya miaka 900.

Mwaka 2004 Nangia, Jasper, Miller na Truhlar walitoa mbinu waliyoipa jina la siafu. Wazo lenyewe ni jepesi: lazimisha mruko utokee mara nyingi kuliko kawaida, kisha ulipe deni kwa uzito. Chagua kizingiti, tukiite h. Pale ambapo uwezekano halisi P uko chini ya h, rusha trajektori kwa uwezekano h. Ikiruka, zidisha uzito wake kwa P/h. Ikibaki, zidisha kwa (1−P)/(1−h). P ikizidi h, fuata kanuni ya kawaida ya Tully, yaani rusha kwa uwezekano P wenyewe, bila kugusa uzito.

Kwa namba zetu, weka h = 0.001. Uzito wa anayeruka unakuwa 0.002 hivi. Katika hatua 200, asilimia 18 ya trajektori zitaruka: katika 500 unapata miruko 90 badala ya 0.2. Zilizobaki zinafikia uzito wa 1.22, na wastani wa uzito wote unarudi karibu na 1. Wastani huo uchapishe kila mara. Ukienda 0.9 au 1.1 bila sababu ya takwimu, kuna kosa kwenye programu, usilitafutie falsafa.

Watu hukwama hasa kwenye h. Ukiitumia kwenye hatua zote 2,000, asilimia 86 ya trajektori zitaruka, nyingi mahali ambapo P ni karibu na sifuri, na utabaki na kundi la siafu wasio na uzito. Iwashe pale tu pengo la nishati lilipo dogo, tuseme chini ya eV 0.3, kwingine tumia P halisi, matokeo hayapindi. P ikiwa sifuri kabisa, usirushe. Kagua pia kama nishati ya mwendo inatosha kabla ya kurusha kete, maana mruko uliokataliwa huacha trajektori kwenye uso uleule ikiwa imeshakatwa uzito bure.

Usihesabu kosa kwa idadi ya miruko peke yake. Jumla ya uzito ikipigwa mraba, ukaigawa kwa jumla ya miraba ya uzito, unapata idadi halisi ya sampuli. Miruko 90 yenye uzito usiolingana inaweza kuwa na thamani ya 15 tu.

Njia nyingine ni kuzidisha mfungamano wa spini na obiti, ambao ndio unaoruhusu mruko kwenda tripleti, kwa 4, 6, 8, kisha kurudi kwenye 1, kwa kuwa kasi ya mruko hupanda kwa mraba wa kizidishio. Ni rahisi, ila mfungamano wa cm⁻¹ 40 ukizidishwa mara 10 unakuwa 400, karibu mara mbili ya nishati ya joto kwenye kelvini 300, na mraba hauaminiki tena. Chora logi kwa logi. Mteremko ukishuka chini ya 2, tupa nukta za juu. Linganisha kasi, yaani miruko kwa muda uliotumika kwenye singleti (hali ya kabla ya mruko, yenye spini zinazopingana), usilinganishe asilimia ya tripleti. Asilimia hufika kikomo mapema, kwa sababu njia ya kurudi chini inashindana nayo.

Mbinu zote mbili hazirekebishi fizikia mbovu. Bila marekebisho ya udekoherensi, yanayofifisha sehemu ya wimbi la elektroni iliyobaki kwenye hali nyingine, mabaki hayo ya amplitudi huzaa miruko ya uongo, na siafu wataibeba yote kwa uaminifu. Kwenye maji, ukipunguza kasi ya atomi zote baada ya mruko ili jumla ya nishati isibadilike, molekuli 500 za maji zitalipia nishati ambayo thaimini haina. Punguza kasi ya thaimini peke yake.