Chandimu ya saa 7 mchana

Jamani, jua la Februari hapa Dar si la mchezo. Jana nilimwachia mwanangu wa miaka 6 acheze chandimu saa 7 mchana, mimi nimezama kwenye kufua. Karudi macho yamelegea, midomo imekauka, kichwa kinamgonga, mara akatapika. Mama wa jirani akaniita, "Mlete hapa mwembeni, mvue hiyo jezi!" Jezi yenyewe ya nailoni, imemganda mgongoni. Tukampangusa maji shingoni na kwapani, tukamnywesha kidogo kidogo huku tukimpepea kwa ungo. Baada ya nusu saa akaanza kuulizia mpira. Nimeuficha uvunguni, hautoki kabla ya saa 10 jioni. Kofia kaikataa, eti mastraika hawavai.