Brunnera chini ya mti wa maple: maendeleo ya bustani yangu ya kivulini

Aprili
Theluji imeyeyuka hapa Columbus, Ohio, na brunnera, mimea yangu ya kivulini, zimeanza kuchipua. Nilizopanda ni aina iitwayo 'Jack Frost'. Jani lake lina umbo la moyo, lote rangi ya fedha, mishipa tu ndiyo iliyobaki kijani, utadhani imechorwa kwa kalamu. Ukilipapasa linakwaruza kidogo kwa sababu ya vinyweleo, na nadhani ndiyo maana kulungu hawalipendi. Hosta za jirani, nazo mimea ya kivulini, wamezifyeka zote. Hizi wamezipita tu.

Asili yake ni misitu ya milima ya Kaukazi, mpakani mwa Ulaya na Asia, kwa hiyo baridi ya huku haiitishi. Mwaka 2012 Perennial Plant Association, chama cha wataalamu wa mimea ya kudumu, iliiteua 'Jack Frost' kuwa mmea wa kudumu wa mwaka. Mimi sifa hiyo haikunivuta. Nilichotaka ni kitu cha kung'arisha ule upande wa kaskazini wa nyumba, ambako hata saa sita mchana ni giza giza.

Mei
Maua! Madogo mno, ya buluu, kila moja na petali tano, yamesimama juu ya vikonyo vyembamba. Nikampigia mama simu ya video, Tanga, nimwonyeshe. Akatazama, akatazama. "Mazuri, mwanangu. Na mchicha umepanda wapi?"

Julai
Huu ndio mwezi wa kazi. Watu wakisikia mmea wa kivulini wanadhani kivuli kinatosha, kumbe shida kubwa ni maji. Mizizi ya maple iko juu juu, inakunywa kila kitu, na matawi yanazuia hata mvua isifike chini. Mche ulio karibu kabisa na shina umekauka kingo za majani, zimekuwa kahawia na kuvunjika kama karatasi. Ulio mbali kidogo, udongo uleule, uko safi.

Kwa hiyo namwagilia asubuhi, mpira nauacha utiririke taratibu penye shina la mche hadi udongo ulowe chini kabisa. Kunyunyiza juu juu ni kujichosha. Juu yake nimetandaza majani makavu ya mwaka jana niliyoyakatakata kwa mashine ya nyasi. Majani yakilegea mchana sihangaiki, jioni hunyanyuka. Yakiamka asubuhi bado yamelegea, hapo ndipo nakimbilia bomba.

Septemba
Chini ya mche mkubwa yameota machipukizi ya mbegu, na majani yake ni ya kijani mtupu. Nayang'oa. Mbegu za 'Jack Frost' haziaminiki kutoa fedha ileile, na ya kijani yakiachwa yananenepa upesi hadi kumfunika mama yao. Ukitaka nyingine ya fedha, gawa shina.

Nitaligawa mwakani mapema, machipukizi yakianza kutokeza, na kila kipande kiwe na mizizi yake. Ule mche wa penye maple nauhamishia karibu na bomba la paa, maji ya mvua yanakomwagikia. Kipande kimoja nimeshamwahidi jirani wa hosta.