Siku moja ya wakili Tanga: simu ya Bibi na hukumu isiyokuwepo

Saa 12 asubuhi. Kabla ya chai nafungua e-CMS, mfumo wa Mahakama wa kusajili na kusimamia mashauri. Leo ni siku ya mwisho ya kuwasilisha hoja zetu za maandishi katika shauri la kiwanja cha Pongwe.

Saa 3. Shauri jingine, la kutajwa tu (kupangiwa hatua inayofuata), kwa njia ya video. Wakili wa upande wa pili yuko Arusha, nami niko ofisini Chumbageni, hapa Tanga. Dakika chache tumemaliza, na mteja wangu hakulipia nauli ya mtu yeyote.

Saa 4:30. Bibi wa Pongwe anaingia na mjukuu wake.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Hii simu yangu itasikilizwa na jaji?"

Mpwa wake anadai aliuziwa kiwanja. Bibi anasema alimwazima tu, na kwenye WhatsApp kuna sauti ya mpwa mwenyewe akimshukuru shangazi yake kwa kumwazima. Upande wa pili umepinga ushahidi huo usipokelewe, na hoja zetu za leo zinajibu pingamizi hilo. Namweleza kwamba Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, haikatai ujumbe kwa sababu tu umo ndani ya simu. Mahakama itapima ulitengenezwa, ukatunzwa na kutumwa kwa njia ya kuaminika kiasi gani, kama haukuguswa, na mtumaji alitambulikaje. Ndiyo maana namuuliza maswali yanayomchosha: nani hushika simu hii? Iliwahi kupelekwa kwa fundi? Bibi anajibu yote bila kusita, na mimi naandika kila neno.

Saa 7. Wali na samaki, haraka.

Saa 8. Utafiti. Hukumu tulizokuwa tukizisaka kwenye majuzuu ya maktaba sasa ziko TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, bila malipo, za Mahakama Kuu na za Rufani. Kwa wakili wa mkoani hili ni jambo kubwa mno. Nasoma hukumu ileile anayoisoma mwenye ofisi ghorofani Dar es Salaam.

Kijana wetu wa mafunzo ameiuliza programu ya akili mnemba, ikampa hukumu tatu za Mahakama ya Rufani zinazotufaa mno. Tukazitafuta moja moja. Mbili zipo. Ya tatu ina namba ya TZCA, ile inayotambulisha hukumu za Mahakama ya Rufani, lakini ukiifungua unakuta rufaa ya jinai isiyogusa simu wala kiwanja. Nikamsimulia kesi ya Mata dhidi ya Avianca ya New York: mwaka 2023 mawakili walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kupeleka mahakamani hukumu zilizobuniwa na ChatGPT, kisha wakazitetea. Akanyamaza, akaifuta. Zile mbili tukazisoma hadi mwisho, na moja tukaiacha: mazingira yake hayafanani na yetu. Kazi hii sitaikabidhi kwa mashine, kwa sababu anayetegemea hoja zangu ana nyumba moja tu.

Saa 2 usiku. Tumewasilisha kupitia e-CMS. Zamani masjala ikifungwa mchana, siku ndiyo imekwisha.

Saa 3. Namtumia mjukuu ujumbe wa sauti: Bibi asibadilishe simu, asifute chochote, na siku ya shauri waje na chaja.