Posta ya Sokoni Kwetu

Soko letu liko kando ya barabara inayotoka Kisumu kwenda Busia, ukishapita Maseno, na posta yake ni chumba kimoja chenye dirisha la karani, mizani ya chuma na ukuta mmoja wa masanduku ya barua. Tangu mwaka jana watu wananong'ona kwamba itafungwa. Vijana wanaocheza drafti chini ya mwembe ulio nje waliniuliza ni nani siku hizi anayeandika barua, nami nikakosa jibu la haraka, kwa kuwa mimi mwenyewe sijaandika barua kwa mkono kwa miaka mingi.

Baba yangu alipokuwa akifanya kazi Nakuru, karo yetu ilikuja kwa mani oda, yaani fedha zilizotumwa kupitia posta. Mama alifunga safari na kitambulisho chake, akapanga foleni, na mara nyingine akaambiwa arudi kesho kwa sababu fedha za ofisi zimekwisha. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 taabu hiyo ikaisha, na sijamsikia mtu akiililia. Hata hivyo, ada ya mani oda ndiyo iliyosaidia kulipia dirisha lile lile lililouza stempu, na ilipotoweka, karani alibakiwa na kazi zisizoleta fedha za kutosha.

Kazi hizo, hata hivyo, hazijapata wa kuzirithi. Nchini Kenya kwa kawaida barua haipelekwi mlangoni mwa mtu. Inapelekwa kwenye sanduku, na sanduku hujulikana kwa nambari yake pamoja na msimbo wa posta lilipo, kama vile 40105 wa Maseno au 40100 wa Kisumu. Ukiifunga posta, umewanyang'anya anwani watu wengi kuliko wanaolipia masanduku. Nilipokuwa mtoto, sanduku la shule ya msingi lilihudumia vijiji kadhaa: mwalimu mkuu alisoma majina gwarideni siku ya Ijumaa, na kila mwanafunzi akabeba barua za majirani zake ndani ya daftari. (Moja niliidondosha mtoni. Nilimpelekea mwenyewe baada ya kuianika, naye hakuuliza kwa nini wino umechuruzika.)

Linalonitia wasiwasi zaidi ni mashamba. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, aliyekopesha fedha kwa dhamana ya shamba hawezi kuliuza kabla ya kumpa mdaiwa ilani ya maandishi ya muda usiopungua miezi mitatu, kisha ilani nyingine ya kuuza isiyopungua siku 40. Ilani hizo mara nyingi hutumwa kwa rejista, yaani barua inayosajiliwa posta, na risiti ya posta ndiyo wakili anayoionyesha mahakamani ikizuka kesi. Ikiwa sanduku la mdaiwa limehamishiwa mji ambao nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ni sawa na kibarua cha siku nzima, ilani italala humo huku siku zikihesabika, na mzee atajua habari zake siku atakapoona watu wageni wakipima mpaka wake.

Silitetei jengo, ambalo paa lake linavuja. Ninachotaka kibaki ni masanduku, muhuri wa tarehe, msimbo ule ule, na mtu wa kupokea rejista kwa saa zinazojulikana. Serikali ilipoanzisha vituo vya Huduma, vinavyotoa huduma mbalimbali za serikali mahali pamoja, mwaka 2013, baadhi yake viliwekwa ndani ya majengo ya posta, likiwemo lile kuu la Nairobi. Huku vijijini tunaweza kuugeuza mpango huo, posta ikahamia kwa mwenye jengo, naye akalipwa kama wakala. Nasi watumiaji tulipe ada za masanduku kwa wakati, jambo ambalo wengi wetu, nikiwemo mimi mwaka juzi, tumelipuuza kisha tukalalamika kufuli zilipobadilishwa.

Katika baraza la chifu nitapendekeza duka la pembejeo lililo mkabala na stendi ya matatu. Hufunguliwa saa moja asubuhi, madirisha yake yana vyuma, na mwenye duka tayari huwawekea watu mizigo inayoachwa na makondakta, bila kumtoza mtu hata shilingi.