Mshika antena

Juzi binti yangu, yule wa maswali, alinikuta nagombana na rimoti. Mechi niliyoitaka ilikuwa kwenye programu moja, sisi tunalipia nyingine tatu, na ile yenye mechi ilikuwa inataka namba ya kadi. "Baba, zamani mlikuwa mnajiunga na ngapi?" Nikamwambia hakukuwa na kujiunga, kulikuwa na antena. Antena ndiyo nini? Nikaanza kumweleza, mara nikajikuta nimesimama sebuleni mkono mmoja juu, na mama yake anacheka huko jikoni kwa sababu anajua ni kisa gani kinafuata.

Tulikuwa bado Marekani, jijini Pittsburgh, mtaa wa Beechview, kule kwenye vilima. Waliowahi kututembelea wanaikumbuka Canton Avenue, ile barabara ya mawe yenye mwinuko wa asilimia 37 ambayo kila mgeni lazima aipige picha. Vilima vile havikuwa rafiki wa mawimbi. Nyumba hii inakamata chaneli zote, inayofuata inakamata chenga tupu. Jirani yetu, mzee wa upande wa juu, alikuwa wa chenga.

Mzee alifanya kazi kiwanda cha chuma cha Homestead mpaka kilipofungwa mwaka 1986, na maneno hakuwa nayo mengi. Salamu yetu ya majira ya baridi ilikuwa kuinuliana makoleo ya theluji. Kampeni za 2008 zilipopamba moto aliniuliza, kwa upole tu, kama huyo Obama ni ndugu yangu. Nikamwambia baba yake alikuwa Mkenya, mimi Mtanzania, basi labda jirani. Akacheka kidogo. Kura hakumpa, alinieleza mwenyewe bila kuulizwa.

Lakini Steelers, timu ya jiji ya futiboli ya Kimarekani, ilikuwa habari nyingine. Kocha wa Steelers, Mike Tomlin, alikuwa mtu mweusi wa miaka 36, na mzee alimwita "kocha wetu" kwa sauti ambayo sikumsikia akiitumia kwa rais yeyote. Mwenye timu, Dan Rooney, Mrepublican wa miaka nenda rudi, alikuwa amempigia debe Obama waziwazi. Ni huyo huyo ambaye jina lake limebebwa na kanuni ya mwaka 2003, ile inayozitaka timu za ligi ziwaite kwenye usaili makocha wa jamii za wachache kabla ya kuajiri. Mzee alimheshimu mno Rooney. Hilo la debe hakuligusa kabisa.

Basi Jumapili ya tarehe 1 Februari 2009, Super Bowl, fainali ya ligi yao, inachezwa Tampa, Steelers na Arizona Cardinals, mlango wetu ukagongwa. Hajawahi kugonga. "Una miguu ya kusimama muda mrefu?" akauliza. Karatasi ya jikoni ya alumini imeshindwa, henga ya nguo imeshindwa, kijana wake yuko Texas. Matangazo ya analojia, ambayo ndiyo pekee TV yake iliyajua, yalikuwa yazimwe tarehe 17 mwezi ule ule. Serikali ilikuwa inagawa kuponi za dola 40 za kununulia ving'amuzi, lakini fungu lilikauka Januari na mzee akaambiwa asubiri kwenye foleni. TV yenyewe ilikuwa imebakiza wiki mbili na ushei za kuishi.

Mtoto aliyekulia Morogoro hafundishwi antena. Mjomba alikuwa anakaa dirishani, mimi nje na nguzo: "Hapo! Rudisha! Umepitiliza!" Tofauti ya Beechview ni kwamba ile ilikuwa ya ndani, ya pembe mbili, na picha ilimtaka binadamu. Nikiachia, chenga. Nikikamata ile pembe ya kushoto na kuuinua mkono kidogo, Tampa nzima inarudi na rangi zake. "Usisogee," mzee akasema.

Kwa hiyo mechi sikuiona. Nilisimama ubavuni mwa TV, uso kwa uso na watazamaji: mzee, mke wake, shemeji yake, na wazee wawili waliofanya naye kazi kiwandani. Kila mmoja na taulo yake ya njano, ile aliyoianzisha mtangazaji Myron Cope mwaka 1975. Mapato yake yanakwenda kwenye taasisi ya watu wenye ulemavu. Kwa kuwa mikono yangu ilikuwa kazini, bibi alinilisha pierogi kwa uma. Ni kama sambusa ya kuchemshwa, ndani viazi na jibini.

Kipindi cha kwanza kikawa kinaisha. Steelers 10, Arizona 7, na Arizona wamefika mlangoni kabisa, wanasukuma kuingia. Haya nilikuwa nayasikia kwa watangazaji, John Madden na Al Michaels, nyuma ya sikio langu. Mzee alikuwa amejiziba mdomo kwa taulo, macho tu ndiyo yanaonekana. Bibi ameinamia magoti yake. Kisha sauti ya Michaels ikapanda, na nikaona kitu ambacho sijakiona tena: watu watano wakisimama polepole mno, bila hata mmoja kujua kwamba anasimama. Mzee alianza kwa kushika mkono wa kochi. Kiuno kikanyanyuka. Taulo ikamteleza, mdomo ukabaki wazi, hautoi kitu. Mzee mmoja wa kiwandani akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga mlango, kama nyumba ile ilikuwa imeanza kujaa maji. Bibi akawa anampiga mumewe begani, pa, pa, pa, kwa mapigo ya mtu anayekimbia. Halafu wote wakaganda. Refa anaangalia marudio. Nasikia mkono wangu unakufa ganzi na siwezi hata kuuliza, maana nikiuliza nitasogea.

Kisha taulo zikaruka hadi darini.

"Amefanyaje?" nikapiga kelele. "Nani?" Hakuna aliyenisikia. Baadaye sana mzee akanijia, macho mekundu, akanishika mashavu yote mawili. "Harrison. Yadi mia moja," akasema. "Na wewe ndiye uliyemshikia." Kumbe James Harrison, mlinzi wa Steelers, alikuwa ameunasa mpira wa Arizona mlangoni kwao na kukimbia nao uwanja mzima hadi kufunga.

Mengine yalipita haraka. Springsteen aliimba wakati wa mapumziko na wakaniruhusu kushusha mkono. Larry Fitzgerald akawatoroka yadi 64, Arizona wakaongoza 23 kwa 20, nyumba ikawa matanga. Zikiwa zimebaki sekunde 35 Santonio Holmes akaudaka mpira pembeni kabisa, ncha za vidole vya miguu zikiwa ndani, 27 kwa 23, ubingwa wa sita. Hiyo pia niliisoma kwenye nyuso zao.

Nikisimulia haya, watu hupenda kumalizia wenyewe: eh, zamani TV ilikuwa inakusanya watu. Inawezekana. Siku hizi mwanangu wa kiume anashangilia chumbani kwake sekunde kadhaa kabla ya bao kufika kwangu sebuleni, na mechi ni hiyo hiyo. Lakini sebule ya mzee ilikusanywa na ubovu wa picha. Fungu la kuponi lingechelewa kidogo tu kukauka, yeye angekuwa na king'amuzi chake, na mimi ningeendelea kuwa jirani wa koleo. Na kuhusu Obama, baada ya yadi mia zile, hatukuzungumza zaidi ya tulivyokuwa tumezungumza kabla.

Bunge likasogeza tarehe ya kuzima hadi 12 Juni. Kuponi ya mzee ikaja masika, nikaenda kumfungia king'amuzi. Na jioni ile ile ya kuzima, Pittsburgh ikawa na fainali nyingine, hoki ya barafu, Penguins ugenini Detroit, mchezo wa saba. Nikaitwa tena, safari hii kwa heshima: kiti changu, sahani yangu, picha safi haina hata chenga moja. Penguins wakashinda 2 kwa 1, mabao yote ya Maxime Talbot, na dakika ya mwisho kabisa kipa Fleury akajirusha akazuia. Naukumbuka ule mruko vizuri, ingawa siwezi kuapa kama niliuona pale au miaka ya baadaye kwenye simu. Mzee alikuwa amekaa kulia kwangu. Alishangilia vipi, hata sijui. Mke wangu anasema nilisinzia.