Mbariki Mungu, ufe

Siku nilipouaga usharika kwenda Makumira kusoma shahada ya uzamili ya theolojia, mzee mmoja wa kanisa alinishika mkono nje ya ofisi akaniuliza, "Baba Mchungaji, wewe si ulishabarikiwa? Sasa unakwenda kusomea nini tena?" (Kwa wasio Walutheri: kwetu mchungaji hubarikiwa, ndivyo tusemavyo mtu akiwekewa mikono na kuvikwa stola.) Nilimjibu juujuu, nikasema elimu haina mwisho. Sababu yenyewe sikumwambia. Ilikuwa msiba, na yeye alikuwepo.

Mtoto wa miaka sita, homa ya siku tatu. Nilisimama chini ya turubai nikasema maneno niliyokuwa nimeyasema kwenye misiba mingi: Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina la Bwana na libarikiwe. Washarika wakaitikia amina. Mama wa mtoto alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi. Aliinua uso, akanitazama kwa muda ambao hata sasa nikifumba macho nauona. Kisha akageuka, akanipa mgongo.

Kanisani hakuonekana tena mwaka ule. Nilikwenda kwake mara nne. Alinikaribisha vizuri, akanipa chai, tukazungumza habari za mvua na bei ya mahindi. Nilikuwa naondoka kila mara nikijua kuna jambo nimeliharibu, ila silijui jina lake.

Makumira iko Usa River, chini ya Mlima Meru, na wachungaji wamekuwa wakifundishwa hapo tangu 1954. Kiebrania cha shahada ya kwanza nilikuwa nimekipita kwa kukariri. Safari hii hapakuwa na kukariri: mistari mitano inaweza kula wiki nzima, na kila kitenzi unakivua viambishi hadi kibaki na konsonanti zake tatu. Anayezungumza Kiswahili ana nafuu hapo, maana kupachika kiwakilishi kwenye kitenzi amekuzoea tangu utotoni.

Nilichagua kitabu cha Ayubu, yule mtu wa Biblia aliyefiwa na watoto wake. Nilipofika 1:21 (sura ya 1, mstari wa 21), yalipo maneno yale niliyoyasema msibani, kwenye "libarikiwe" sikuhitaji kamusi. Mzizi ni b-r-k, ule ule uliotuletea bariki na baraka kupitia Kiarabu, kwa kuwa Kiarabu na Kiebrania ni ndugu. Nikaendelea hadi 2:9, mke wa Ayubu anapozungumza. Biblia ya Union Version ya 1952, niliyolelewa nayo, inasema amkufuru Mungu, akafe. Nikatazama Kiebrania: barekh Elohim vamut. B-r-k tena! Neno kwa neno ni "mbariki Mungu, ufe."

Nilidhani nimekosea mstari. Sikuwa nimekosea. Wataalamu wengi huona kuwa hii ni tafsida: mwandishi aliogopa kuweka neno la laana karibu na jina la Mungu, akaandika kinyume chake, na msomaji wa zamani alielewa. Sura hizo mbili za mwanzo zina neno hilo hilo mara kadhaa, na kila mara inabidi uamue ni baraka au ni laana. Unaamua kwa kutazama nani anasema, na amekaa wapi.

Hapo ndipo nilipoiweka kalamu chini. Maneno ya 1:21 aliyasema nani? Ayubu mwenyewe, aliyefiwa, baada ya kurarua joho lake na kuanguka chini. Hakuna mgeni aliyemwambia. Rafiki zake watatu walipofika walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, wala hakuna aliyenena naye neno. Hayo ni matanga, kama tunavyoyajua. Walipoanza kufundisha ndipo walipopotea, na katika sura ya 42 Mungu anawakasirikia. Mimi nilikuwa nimeyachukua maneno ya kinywa cha mfiwa nikamtwisha mfiwa mwingine, nikiwa nimesimama, naye amekaa chini.

Tasnifu yangu niliiandika juu ya kitenzi hicho kimoja. Niliporudi nyumbani likizo, nilikwenda kwa yule mama. Sikukaa kwenye kiti alichonifutia, nilikaa kwenye kigoda karibu na figa. Nikamwambia, "Mama, siku ile ya msiba nilikukosea," nikamweleza kwa nini, kisha nikamfungulia Biblia nikamwonyesha lile neno la mke wa Ayubu na jinsi linavyoandikwa kwa Kiebrania.

Alisikiliza huku akichambua maharage kwenye ungo. Makapi huku, mawe kule. Aliponiona nimenyamaza aliniuliza, "Baba Mchungaji, wale watoto kumi waliokufa, si walikuwa wa huyo mama pia?"

Nikasema, ndiyo, walikuwa wake.

"Na kuna aliyekwenda kumpa pole?"

Nilifunua kurasa, ingawa jibu nililijua. Marafiki watatu walikuja kwa Ayubu. Kwa mkewe haikuandikwa. Katika tasnifu nzima, na nilikuwa nimeshaikabidhi, sikuwa nimeuliza hilo hata mara moja. Mama akausogeza ungo katikati yetu, nami nikaanza kuchambua upande wangu.