Siku niliyomuongoza mama New York nikiwa nimekaa Kamanga

Ilikuwa 2016 mwezi wa nane, nilikuwa na kibanda cha uwakala wa pesa karibu na kivuko cha Kamanga hapa Mwanza, ukitoka nje hatua chache jiwe la Bismarck unaliona limesimama majini kama kawaida yake. Saa kumi na moja jioni simu inaita whatsapp, naangalia ni mayu, yani mama.

"Mwanangu uko na watu hapo?"

Mama akianza hivyo ujue kuna jambo. Nikamwambia kuna wateja wawili, akasema wahudumie waondoke alafu unisikilize vizuri, na dada yako usimwambie.

Sasa mama muda huo alikuwa Marekani. Dada anaishi Elizabeth kule New Jersey, alikuwa amejifungua mtoto wa pili mwanzoni mwa mwaka, mama akaenda kumsaidia kulea miezi mitatu. Na huyu mama sio wa kukaa ndani, miaka zaidi ya 20 kauza dagaa Mwaloni pale Kirumba, kapeleka mzigo mpaka Kongo, sasa unamfungia kwenye apatimenti anaangalia tivii ya kizungu. Siku hiyo shemeji alikuwa likizo yuko na watoto, dada yuko kazini, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea na simu wanazifungia kabatini. Mama kamuaga shemeji anaenda dukani mara moja.

"Uko wapi kwani mayu?"

"Niko Peni."

Peni! Yani Penn Station, New York yenyewe. Wiki moja kabla dada alikuwa amempeleka pale kwa treni kununua nguo, kwahiyo njia ya treni alikuwa kaishika, mpaka akanitambia kwamba Penn Station ziko mbili, ya Newark ya kwanza hushuki, ya pili ndo yenyewe, watu wengi wageni wanashuka ile ya kwanza yeye hashuki ng'o. Kitu ambacho alikuwa hajui, na mimi nilikiona tu kwenye ramani nilipofungua simu, ni kwamba ile treni kabla ya kufika pale inapita kwenye tundu chini ya mto Hudson. Kimya. Sikusema kitu na sababu mtaiona huko mbele.

Alichotaka ni kumuona yule mama mwenye mwenge, ile Sanamu ya Uhuru yao. Dada alimwahidi jumamosi, alafu jumamosi ile nyingine, na mama alishachoka ahadi. Mama na mwenge wana historia, utotoni walikuwa wanapangwa barabarani tangu asubuhi kusubiri Mwenge wa Uhuru upite, jua linawaka, unapita dakika moja umeisha. Akaniuliza huu wa kwao unakimbizwa lini. Nikamwambia wa kwao haukimbizwi mayu, umesimama palepale tangu 1886, Wafaransa ndo waliwapa zawadi.

"Basi wamerahisisha. Nielekeze."

Mimi mpaka siku hiyo mbali kabisa niliyokuwa nimefika ni Dar, na bando langu limebaki MB 150. Nikafungua ramani ya treni zao za chini kwa chini, aisee ile ramani ni kama mtu kamwaga tambi za rangi.

Pale Penn kwenyewe mama alikuwa kashazunguka nusu saa. Stesheni iko chini ya ardhi, juu yake wameweka Madison Square Garden, zamani kulikuwa na jengo la stesheni wanalosifia mpaka leo lakini walianza kulivunja 1963. "Stesheni gani haina dirisha" mama analalamika, "ya kwetu ukitoka mlangoni unanusa ziwa, hapa nanusa mkate tu." Nikamuuliza anaona nini, akasema naona A, naona C, naona E, duara za bluu. Sio hizo mayu, hizo ni za upande wa Eighth Avenue, geuka urudi upande wa pili wa Seventh Avenue utafute duara nyekundu namba 1.

Ikapita kama dakika sita nasikia tu miguu ya watu na mama anasema ekskyuzimi, ekskyuzimi, kiingereza chake chote ndo hicho na hakiachi.

"Nimeipata. Lakini kuna 1, kuna 2, kuna 3, zote nyekundu."

Hapa ndo nilitoa jasho. Kwetu unaangalia mstari wa rangi ubavuni mwa daladala umeshajua hii ya wapi, kule rangi moja wanagawana treni tatu kwa sababu zinapita mtaa mmoja hapo katikati ya mji, mbele ya safari zinaachana. Nikamwambia mayu, namba 1 ni kama daladala ya kawaida, inasimama kila kituo, hiyo ndo inafika mwisho kabisa South Ferry, wewe unashuka mwisho. Namba 2 na 3 zinaruka vituo alafu zinakatiza kwenda Brooklyn. (Zinakatiza chini ya maji vilevile, hilo nikalimeza tena.) Alafu fuata kibao cha Downtown.

"Ndo nini hicho?"

"Kwenda mjini."

"Sasa hapa nilipo ni shamba?"

Sikuwa na jibu. Nikamtajia herufi, D, O, W, akakiona.

Kadi alikuwa nayo, dada aliibakiza siku ile, ndani kulikuwa na safari mbili, nauli wakati huo dola 2.75. Ila kile chuma cha kuingilia kilimkatalia. Ile kadi ilikuwa unaipitisha kwenye upenyo, ukienda taratibu inagoma, ukienda haraka inagoma, nikawa nasikia mlio tu na watu wa nyuma wanaguna. Nikamuuliza unaipitishaje, akasema kama napara sato, nikamwambia basi para kwa mkono mmoja bila kusita. Mlio ukabadilika. Kapita. Pale kibandani jamaa wa boda na mama muuza mahindi ya kuchoma walishajaa mlangoni wanasikiliza maana nilikuwa nimeweka spika, wakapiga makofi kama Toto African wamefunga goli.

Kitu cha mwisho kabla hajashuka ngazi nilimwambia simama jukwaa la pembeni, la katikati ni la 2 na 3, alafu hesabu vituo 11. Akasema atahesabu kwa mafundo, alikuwa na mtandio wenye nyuzi pembeni, kila kituo anafunga fundo moja. Alafu nikasikia mngurumo wa treni, simu ikakata.

Nikasema hapo imeisha, dakika 20 hivi atanipigia. Nikahudumia mteja mmoja, nikamkosea chenji nikampa zaidi, akarudisha mwenyewe mungu ambariki. Jamaa wa boda akasema ungempa namba ya boda wa huko yaishe. Basi nikarudi kwenye simu kusoma habari za hicho kituo cha South Ferry, na hapo ndo mwili ukapoa. Kumbe kituo kipya walichofungua 2009 kilijaa maji kwenye kimbunga cha Sandy Oktoba 2012, kwahiyo wakarudi kwenye kile cha zamani cha 1905 (mpaka 2017 walipofungua tena kipya), na kile jukwaa lake lilikuwa limepinda na ni fupi, treni ina mabehewa 10 lenyewe linameza 5 tu. Wa mabehewa 5 ya mbele milango ilikuwa inafunguka, wa nyuma haifunguki, na treni pale ilikuwa haigeuzi, inazunguka duara inarudi ilikotoka. Nikamuona mama kwa akili yangu amekaa behewa la mwisho na kitenge chake, mafundo 11 mkononi, anaizunguka New York mpaka usiku.

Napiga, haipatikani. Dakika 20 zikaisha. Dakika 30. Mama wa mahindi akaniambia kaa chini baba, nikagundua nimesimama muda wote. Kivuko kikapiga honi kinaondoka, jua linashuka, kule kwao ni saa tano asubuhi na mimi huku nawaza nitamwambia nini dada, kwamba nimempoteza mama kwa simu. Dakika ya 40 ikaita.

"Nimetoka. Kuna upepo huku."

Sikujibu kitu mpaka akauliza kama nipo.

Akanisimulia. Ni kweli alipanda behewa la nyuma. Wakawa wanatangaza sana kwenye spika lakini yeye haelewi. Alipofunga fundo la 10 akaona watu wote wa behewa lake wanashuka wanakimbilia mbele, wamebaki yeye na mzee mmoja kalala. "Nikasema hawa hawakimbii bure, nikafuata, dagaa akiona karabai anauliza karabai ya nani?" Akaingia behewa la mbele, mlango ukafunga. Kushuka kule mwisho anasema kulikuwa na vyuma vinatoka kwenye jukwaa kama ulimi kuziba uwazi, maana jukwaa limepinda, akasubiri kwanza aone kama vinang'ata. Alafu akapumzika kwenye ngazi, ndo zile dakika zilizotaka kuniua.

"Unamuona?"

"Namuona. Mdogo. Wa kijani kama sufuria ya bibi yako ile ya shaba."

Pale alipokuwa panaitwa Battery Park, ufukweni, sanamu iko kisiwani, kama kilomita mbili na nusu hivi kukatiza maji. Nikamwambia mayu umefika pagumu, sasa hapo pembeni kuna meli kubwa rangi ya chungwa inaenda Staten Island, inapita karibu na huyo mama utamuona vizuri, na ni bure, tangu 1997 hawatozi mtu wa miguu. Nilisema neno bure kwa nguvu kwa sababu namjua, mama kwa cha bure anaweza kupanga foleni hata hajui kinagawiwa nini.

Kimya.

"Mayu?"

"Meli sipandi."

Na mimi mjinga nilikuwa nimesahau. Yani mpaka anatamka ndo nikakumbuka. Mjomba, mdogo wake wa mwisho, alikuwa kwenye MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, alipandia Kemondo na ndizi zake. Nilikuwa darasa la pili, nakumbuka mama akitoka alfajiri kwenda bandarini na kurudi usiku, siku kadhaa, na kanga ileile. Mjomba hakuonekana. Kila mwaka mama anaenda Igoma kwenye makaburi ya wale waliozikwa pale, anachagua tu moja anaweka maua, anasema labda ni yeye. Toka hapo hajakanyaga chombo chochote cha majini. Msiba ukiwa Ukerewe anatuma rambirambi. Kuuza dagaa miaka yote hiyo na mtumbwi haugusi, mzigo anaupokelea nchi kavu.

Nikamwambia basi mayu usipande. Akasema kwani nani kasema nitapanda. Akakaa kwenye benchi. Hatukukata simu. Kwake nikawa nasikia upepo na ndege wa majini, na yeye akasema kwako kuna upepo pia, nikamwambia ndio unatoka ziwani, akauliza wavuvi wameshatoka, nikatoka nje nikaangalia, nikamwambia wameanza, taa zinaonekana mbili tatu kwa mbali. Akasema mbili tatu? Leo hawatapata kitu, mwezi unatoka. Tukakaa hivyo, MB zinaisha, jamaa wa boda kashapata abiria kaondoka, mahindi yamebaki mawili.

"Haya" akasema, "nirudishe kabla dada yako hajatoka kazini."

Kurudi hakukuwa na kazi, pale South Ferry wakati huo ilikuwa namba 1 tupu, unapanda unashuka Penn, kadi akaipitisha mara moja tu ikakubali. Nikamrudisha mpaka kwenye treni ya New Jersey, nikamwambia funga macho upumzike mayu, umechoka. Nikapiga hesabu dakika ambazo yuko chini ya Hudson na sikupumua vizuri mpaka alipotuma meseji amefika. Hilo la tundu hajui mpaka leo, dada anajua, mimi najua, na nyie naomba msiniangushe.

Jumamosi dada akampeleka kama alivyoahidi. Mama akaenda kama mgeni kabisa, eti hii stesheni mbona iko chini, eti hiyo kadi inafanyaje. Pale ufukweni dada na mtoto wake mkubwa wakapanda ile meli ya chungwa, mama akabaki kwenye benchi na kichanga, kasema analinda begi. Usiku dada akanipigia.

"We, hivi wewe uliongea na mama wiki hii?"

"Kawaida tu. Kwanini?"

"Tumefika kwenye namba 1 nikawa naingia behewa la nyuma, kanivuta mkono kanipeleka mpaka la pili kutoka mbele, namuuliza vipi anasema huko nyuma hapafunguki. Nani kamwambia?"

Nikamwambia labda kaota.